Zahanati yetu inafungwa saa tunazotoka kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nitaandika kirefu kidogo, na nakuomba usinikatie njiani, maana jambo hili nimekaa nalo moyoni kwa muda mrefu.

Mimi naendesha duka la dawa muhimu hapa Dar es Salaam, katika mitaa iliyobanana kati ya Barabara ya Morogoro na Mto Ng'ombe. Wateja wananiita dokta. "Shikamoo dokta." "Dokta, nipe dawa ya tumbo." Mimi si daktari. Nilikuwa mhudumu wa wodini kwa miaka 11, nikaacha, nikasoma mafunzo ya utoaji dawa, nikapata cheti na kibali, nikafungua duka. Naruhusiwa kuuza dawa za kawaida na chache zinazohitaji cheti cha daktari. Siruhusiwi kumtibu mtu, siruhusiwi kumchoma sindano, siruhusiwi kumlaza. Lakini kuanzia saa 12 jioni hadi ninapofunga saa 4:30 usiku, mtaa mzima hauna mwingine wa kumwita dokta isipokuwa mimi. Ndiyo maana naandika.

Zahanati ya serikali iko hatua kama mia tatu kutoka dukani kwangu. Sitaitaja jina, wala mtaa sitautaja, kwa sababu wauguzi wa pale sina ugomvi nao. Wanafanya kazi ya watu kumi wakiwa wanne. Wamewazalisha majirani zangu, wamewachanja wajukuu zangu. Neno langu na zahanati ile ni moja tu, nalo ni saa zake. Inafunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, kama ofisi yoyote ya serikali. Jumamosi na Jumapili geti lina kufuli.

Sasa niambie, Ndugu Mhariri, ni nani mtaani kwetu anakuwa nyumbani saa hizo?

Makuli wa Soko la Tandale wanaanza kushusha magunia kabla hakujapambazuka. Mama ntilie yuko macho tangu saa 10 usiku anawasha mkaa, na kufika saa 2 asubuhi ndipo wateja wake wa chai na vitumbua wanapanga foleni. Wamachinga wameshapanda mwendokasi kwenda Kariakoo, na kurudi kwao ni saa 2 usiku, wengine saa 3. Dada wa kazi wanaofanya kazi za kutwa Masaki na Mikocheni wanaondoka giza na kurudi giza. Mlinzi wa usiku ndiye pekee anayekuwepo mchana, naye analala.

Mtu wa kibarua cha siku akiamua kwenda zahanati asubuhi, ameshaamua kwamba leo halipwi. Watu wa ofisini wanaomba ruhusa, wanapewa, na mshahara wa mwisho wa mwezi unaingia vilevile. Kuli akikosa siku moja, gunia lake linabebwa na mwingine, na kesho anaweza akakuta nafasi yake imeshakaliwa. Kwa hiyo anavumilia. Anavumilia homa, anavumilia kikohozi, anavumilia mkojo unaouma. Jioni, akishalipwa, anakuja dirishani kwangu na pesa ya siku ile mkononi.

Nitakueleza kisa kimoja, nikiwa nimeruhusiwa na mwenyewe alimradi nisimtaje.

Jirani yangu ana watoto watatu, na wakati ule alikuwa anakaanga samaki. Saa 10 usiku anaamka kwenda Feri, ananunua kwenye mnada, anarudi na ndoo yake, anaparua, anakaanga, anauza barazani mpaka saa 10 jioni. Mwaka juzi, mwezi wa tano, mvua zikiwa bado zinanyesha, mtoto wake wa mwisho, wa miaka mitatu, alianza kuchemka Jumapili jioni. Jumatatu mama akaenda Feri kama kawaida. Msinihukumie mama huyu. Samaki ukishawanunua lazima uwakaange siku hiyohiyo, la sivyo mtaji wote umeoza. Mtoto akabaki na dada yake wa miaka 11, ambaye siku ile hakwenda shule. Mama alipotua karai ilikuwa saa 10 imepita na zahanati imeshafungwa. Akaja kwangu, nikampa paracetamol ya maji, nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi mpeleke." Jumanne akaenda tena Feri.

Jumanne saa 3 kasoro usiku alirudi dirishani amembeba mtoto ndani ya khanga, ana shilingi 2,500. Nilipomfunua nikaona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa. Nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zilikuwa 58. Tangu nikiwa wodini najua kwamba mtoto wa umri ule akifikisha 40 anahema kuliko kawaida, na kifua kikianza kubonyea hapo si mahali pa dawa ya duka tena. Alikuwa na nimonia, na mimi nilikuwa na makabati yaliyojaa dawa nyuma yangu na hakuna hata moja niliyostahili kumpa kwa wakati ule. Alihitaji oksijeni.

Mama aliganda. Alikuwa anafikiria wale wawili waliolala ndani, mlango usio na komeo zuri, uchochoro unaopita kando ya mto, na huku kwetu tangu siku za panya road, yale magenge ya vijana waporaji, mwanamke hatembei peke yake usiku kama ana hiari. Gari haliingii kwetu. Hata bodaboda inakusubiri kule juu penye nguzo ya umeme. Nilimpa shilingi 5,000 ya nauli, mume wangu akamsindikiza, mimi nikaenda kulala na watoto wake. Hospitali walimpokea, na nawashukuru. Alikaa kwenye oksijeni na sindano, akatoka siku ya tisa.

Mtoto ni mzima leo, anakimbia huku na huku na kuniibia peremende. Lakini siku tisa za wodini zilikula mtaji wa samaki wote. Mama yake hakurudi tena Feri. Anafua nguo za watu, siku anazopata.

Nimeurudia usiku ule mara nyingi kichwani. Hospitali ilifanya kazi yake. Sera ya nchi inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo. Dawa anayoanzishiwa mtoto mwenye nimonia ambayo haijawa kali ni amoxicillin ya kuyeyusha kwenye maji, ambayo zahanati inatakiwa kuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye utaalamu, hatua mia tatu kutoka hapa, Jumatatu saa 11 jioni, wa kumhesabia mtoto pumzi na kumpa mama dawa ya siku tano. Hayo tu. Siku tisa, oksijeni, mtaji, shule ya yule binti, vyote vilitoka kwenye kufuli lile.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni gumu kwangu kulisema hadharani.

Mtu mzima akiwa na maambukizi yanayohitaji amoxicillin, dozi ya kawaida ni vidonge viwili vya miligramu 250, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Hivyo ni vidonge 30, karatasi tatu za kumi kumi. Anakuja kuli saa 2 usiku, ana shilingi 1,000 aliyoitenga baada ya kununua unga na mkaa. Anasema, "Dokta, nikatie rangi mbili nne." Yaani anataka vidonge vinne vya amoxicillin, vile vya rangi mbili. Mwaka wa kwanza wa duka hili nilikataa. Nilieleza, nilisihi, nilichora hata kwenye kipande cha karatasi nikionyesha jinsi vijidudu vinavyobaki vinavyokuwa sugu. Mtu alinisikiliza kwa adabu, akasema "Asante mama," akaenda duka la pili akakatiwa vinne. Mwaka wa pili nikaanza kukata.

Nimekata. Nimemkatia mtu vinne, nimemkatia mtu sita. Naandika hivi nikijua Baraza la Famasi linaweza kusoma, na nikijua nilifundishwa nisifanye. Kila Novemba tunaadhimisha wiki ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tunaletewa mabango, nami nayabandika ukutani, kisha mtu anasimama chini ya bango hilohilo na shilingi 1,000. Nikimkatalia anakwenda kwingine. Nikimkatia nimeshiriki. Hakuna njia ya tatu ninayoweza kuitengeneza mimi upande huu wa nondo. Njia ya tatu iko zahanati, kwa tabibu atakayemwambia baada ya kipimo, "Wewe huhitaji hata hizo rangi mbili, hiyo ni mafua," au, "Wewe unazihitaji zote 30, na hizi hapa."

Maana nusu ya tatizo ni kwamba hatujui tunatibu nini. Homa ikimshika mtu Dar es Salaam, neno la kwanza ni malaria. Anataka mseto. Lakini jiji hili malaria imepungua sana kulinganisha na zamani, na homa nyingi zinazopita mbele ya dirisha langu si malaria. Mwaka 2014 na mwaka 2019 tulipata dengue hapa mjini, na nakumbuka watu walivyokuja na homa ya kupasua kichwa na maumivu nyuma ya macho, wanameza mseto, haishuki, wanarudi kununua mseto mwingine. Siku hizi neno jipya ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kila mwanamke ana UTI, mpaka watoto wa shule ya msingi wananijia na karatasi ya mama yao: "Mpe dawa ya UTI." Kipimo cha malaria cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kipimo cha mkojo cha kijiti ni dakika chache. Vyote viwili viko zahanati, ndani ya chumba kilichofungwa, wakati mgonjwa amesimama nje.

Kuna mzee mmoja alinunua kwangu dawa ya kikohozi chupa tatu ndani ya mwezi. Chupa ya tatu nilikataa kumuuzia. Nikamwambia, "Baba, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kinapimwa makohozi, na kupimwa ni bure, na dawa zake ni bure miezi yote sita." Akaniuliza wanapima saa ngapi. Nikamwambia asubuhi. Alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji. Akasema atakwenda Jumamosi. Jumamosi zahanati haifunguliwi, na mimi nilisahau kumkumbusha. Alikwenda baada ya wiki tano, na wakati huo alikuwa analala chumba kimoja na watu sita. Alikutwa na kifua kikuu. Amemaliza dozi, amepona, lakini sijui wale sita.

Mvua nazo zina habari zake. Wasiokaa bondeni hawajui maana ya kutapisha choo, kwa hiyo nitaeleza bila aibu. Vyoo vyetu ni vya shimo na gari la kunyonya majitaka halifiki kwenye nyumba nyingi kwa sababu hakuna njia. Shimo likijaa, kumlipa mtu wa kulichota kwa ndoo ni gharama ambayo mpangaji anamsukumia mwenye nyumba na mwenye nyumba anamsukumia mpangaji. Basi wengine wanasubiri masika. Mvua kubwa ikishika usiku, wanatoboa pembeni mwa shimo, maji ya mvua yanachukua uchafu wote na kuupeleka kwa jirani wa chini, na wa chini kwa wa chini yake, mpaka mtoni. Asubuhi watoto wanacheza kwenye matope hayohayo. Mimi nikisikia mvua kubwa ya usiku, kesho yake naongeza ORS na zinki dukani kabla wagonjwa hawajaja.

Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza hapa Dar es Salaam kilianzia Kinondoni, kwenye mitaa ya namna hii hii, kisha kikasambaa nchi nzima. Wakati ule nilikuwa dirishani. Kipindupindu kikali kinaweza kummaliza mtu mzima kwa saa chache, na watu walikuwa wanaanza kuharisha saa 8 za usiku. Na serikali ilifanya nini? Ilifungua kambi za matibabu, usiku na mchana, bila malipo, na wauguzi wa zamu walikuwepo. Iliwezekana. Ugonjwa ulipokwisha, kambi zikafungwa, zahanati zikarudi saa 9:30. Mimi nauliza kwa nini tungoje kipindupindu ndipo usiku uwe na muuguzi.

Mifano ya serikali kutufuata tulipo si hiyo peke yake. Mwaka 2022, ugonjwa wa polio ulipoonekana nchi jirani ya Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba. Walipita hata uchochoro wetu ambao mwenye mwili mkubwa hupita ubavu. Walifika kwa mlezi wa watoto wa mchana, walifika sokoni, waliweka alama ya chaki mlangoni. Na mama mjamzito akipata dharura usiku siku hizi anapiga 115 bila malipo, m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, inampeleka, na dereva analipwa na mfumo. Nimeipiga namba hiyo mwenyewe kwa ajili ya mteja wangu mmoja na gari likaja mpaka kule penye nguzo. Nasema haya ili ieleweke kwamba siandiki kulaumu kila kitu. Naandika kwa sababu nimeona linalowezekana.

Na mapema mwaka 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo. Nilifurahi, maana nusu ya wateja wangu wanategemea Kariakoo. Lakini kama jiji limekubali kwamba watu wake wanauza na kununua usiku kucha, basi limekubali pia kwamba wanaumwa wakitoka huko.

Najua nitajibiwaje. Kwanza nitaambiwa hospitali za mkoa na vituo vya afya viko wazi saa zote. Ni kweli. Hebu fika hospitali ya mkoa saa 3 usiku na mtoto mwenye homa. Utakuta majeruhi wa bodaboda, utakuta wajawazito, utakuta watu wa presha waliopooza. Wale ndio wanaostahili kuhudumiwa kwanza, na mtoto wako mwenye homa ya kawaida anakaa kwenye benchi mpaka saa 7. Kisha usafiri wa kurudi. Mtu akifanyiwa hivyo mara moja, mara ya pili anakuja kwangu kukata vidonge vinne. Zahanati ikiwa wazi jioni, hospitali nayo itapumua.

Pili nitaambiwa watumishi hawatoshi. Hilo nalo ni kweli, nimeshasema wale wanne wanavyofanya kazi. Lakini dukani kwangu kuna binti ananisaidia jioni. Ana stashahada ya utabibu, amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, ana leseni yake ameiweka kwenye bahasha ya plastiki ili isilowane. Kila ajira zikitangazwa anaomba. Huku anasubiri, anapanga masanduku ya dawa na kurudisha chenji. Usiku ule wa mtoto wa nimonia hakuwepo, lakini angekuwepo asingeweza kufanya chochote dukani zaidi yangu, kwa sababu duka si zahanati. Na yeye si peke yake, wenzake aliosoma nao wengine wanauza vocha. Tabibu mmoja, muuguzi mmoja na mtu wa maabara mmoja, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 4 usiku, ndicho ninachoomba. Siombi jengo. Jengo lipo, limepakwa rangi, lina umeme, lina tangi la maji, na linakaa gizani saa 16 kwa siku.

Tatu ni usalama. Wauguzi ni wanawake, wanakaa mbali, Mbagala, Chanika, Kibamba, kwa sababu mshahara wao hauwapi nyumba karibu. Kuwaambia watoke saa 4 usiku peke yao ni ukatili. Nimelizungumza hili na wenye maduka wenzangu. Tuko tayari kuchangia mlinzi wa pili na taa ya kutoka getini mpaka barabarani. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wamesema, mbele ya mjumbe, kwamba watawafikisha wauguzi kituo cha mwendokasi kila usiku kwa bei ya makubaliano. Manispaa ikituita tutaandikishana.

Ukitazama, mpango wa afya ya msingi wa nchi hii ulipangwa kwa hesabu ya kijiji na kata. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007 ulisema kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Kwa kijijini ni hesabu njema kabisa. Mimi nimezaliwa Kilosa, najua kutembea nusu siku kufuata sindano. Lakini kata ya mjini si kata ya kijijini. Kata ya Tandale peke yake, kwa sensa ya mwaka 2012, ilikuwa na watu zaidi ya 50,000 katika eneo ambalo unalimaliza kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Sisi hatuko mbali na zahanati kwa kilomita. Umbali wetu unapimwa kwa saa, na hakuna ramani inayouonyesha.

Kuhusu bima nitasema kwa kifupi. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, na naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona familia zikiuza kitanda kulipia upasuaji. Lakini jirani yangu yule, hata angekuwa na kadi mkononi jioni ile ya Jumatatu, angesimama nayo mbele ya kufuli. Watu wa mtaani watakubali kuchangia pale watakapoona kwamba kadi inatumika saa wanayoihitaji. Wakiona inatumika mchana tu, wataona ni kadi ya watu wa ofisini, na shilingi zao wataendelea kuzileta hapa.

Na mimi nitapoteza biashara zahanati ikifunguliwa jioni. Nalijua hilo, mume wangu ameniuliza mara mbili kama nimefikiria ada ya shule. Nimefikiria. Pesa ya kukata vidonge vinne vinne siitaki tena, na watu wenye dozi kamili mkononi bado watahitaji paracetamol, sabuni, pedi na dawa ya mbu.

Namwomba Mganga Mkuu wa manispaa yetu, kama barua hii itamfikia, aje ajionee mwenyewe. Asije mchana, mchana ataona zahanati nzuri yenye wauguzi wazuri na foleni ya wajawazito. Aje saa 12 jioni, siku yoyote isipokuwa Jumapili, akae nami mpaka nifunge. Kiti kipo ndani ya kaunta. Daftari langu la mauzo liko wazi, kurasa za mchana ni chache na za usiku zimejaa, atapekua mwenyewe. Akiniuliza kwa nini nimekata dozi za watu nitamjibu mbele ya wateja wenyewe. Ataipata namba yangu kwako, Mhariri.

Wako,
Muuza duka la dawa,
Dar es Salaam
(Jina nimelihifadhi kwa Mhariri)